Saa ya Soli, Moyo wa Mkate

Benchi lilikuwa refu kupita kiasi kwa kijiwe kile, maana lilitolewa kwenye ukumbi wa mikutano siku ulipovunjwa, likaegemezwa ukutani kati ya duka la kinyozi na meza ya fundi viatu, na tangu hapo hakuna aliyelisogeza. Fundi viatu aliitwa Soli. Jina lake la kwenye kitambulisho alilijua yeye na watu wa serikali. Hata marehemu mkewe, alipotaka kumchokoza, alimwita Soli. Kinyozi alikuwa Wembe, mtu mwembamba mwenye sauti nene, ambaye hakujawahi kutokea jambo duniani akakosa kulitolea maelezo. Kahawa aliileta Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale, lakini aliwakemea wote kama vile ndiye aliyewaogesha utotoni. Wa mwisho kufika kila alasiri alikuwa Mkate, msambazaji wa mikate ya tanuri la mtaa wa juu, mzee mwenye miguu ya kijana, akisukuma baiskeli yenye kreti tupu nyuma.

Alasiri hiyo Mkate aliegemeza baiskeli, akaketi, na kabla hajaomba kahawa akamnyooshea Soli mkono wa kushoto. Kwenye kifundo cha mkono alivaa saa nyeusi ya mpira, ya zile zinazohesabu hatua na kusikiliza moyo.

— Haya, mwaga hatua, Soli akasema, akaisogeza simu yake karibu.

Saa ikatetemeka. Simu ikalia kidogo.

— Imekubali? Mkate akauliza.

— Imekubali. Aisee, leo nimetembea mpaka basi.

— Umetembea wapi wewe? Shangazi akauliza. Umekaa hapo tangu asubuhi unagongea watu visigino.

— Kwenye simu nimetembea, Shangazi. Simu haisemi uongo.

— Simu haisemi. Anayesema ni mwenye simu.

Wakacheka, Mkate akacheka zaidi ya wote, na Soli akaiweka simu chini ya kitambaa cha kufutia rangi. Walishazoea. Mchezo huo ulikuwa umedumu tangu mvua zilipoanza, na sasa barabara ilikuwa vumbi.

Saa yenyewe ilikuwa ya Soli. Ilinunuliwa na bintiye wa pekee, aliyefanya kazi mji mwingine, mbali kiasi cha kulala njiani. Mama yake alikuwa amefariki ghafla, mchana kweupe, akianika nguo. Baadaye hospitali wakasema ni presha, tena ya siku nyingi, ila hakuna aliyewahi kuipima. Binti alipokuja likizo baada ya hapo alikuja na kiboksi. Akamfunga baba yake saa mkononi, akaweka programu kwenye simu ya baba na kwenye yake, akazifanya zijuane.

— Mama alituondokea hatujui hata mapigo yake yalikuwaje, alisema. Wewe nitakujua, baba. Nikiamka asubuhi, kabla sijanywa chai, nitakuangalia.

Soli alimshukuru. Akaivaa kama anavyovaa mtu nguo ya zawadi, kwa uangalifu na kwa kujionyesha kidogo. Lakini haikupita wiki, simu ikaita asubuhi na mapema.

— Baba, jana hukulala?

— Nililala, mama. Mbu tu.

Binti akatuma neti. Neti ikafika, ikatundikwa, na asubuhi nyingine simu ikaita tena.

— Baba, saa inasema ulikuwa macho karibu usiku kucha. Kuna nini?

Soli alitazama mlango wa jikoni. Angemwambiaje mtoto aliyefiwa na mama yake kwamba kitanda kimekuwa kipana? Kwamba akigeuka upande wa pili anaamka, na akishaamka anakwenda jikoni, anakaa kwenye kile kigoda cha mkewe, anasikiliza bomba linavyodondosha maji mpaka kunapambazuka? Binti mwenyewe sauti yake ilikuwa bado haijapona. Akimwambia, ataacha kazi aje. Asipomwambia, saa itamwambia.

Ndipo siku moja pale benchini akaivua, akaiweka juu ya meza katikati ya misumari.

— Nani anataka kuwa mimi? akauliza.

Wembe alitoka dukani na kitana mkononi.

— Mimi hapana. Hivyo vitu vinafyonza. Unadhani taa ile ya kijani chini yake inafanya nini? Inafyonza joto la damu, kidogo kidogo, inapeleka angani. Ndiyo maana watu wa siku hizi wanahisi baridi hata kwenye jua.

— Nani kakwambia?

— Wataalamu.

— Wataalamu gani wananyolewa kwako?

— Mbona wengi. Hawavai makoti, ndiyo maana huwatambui.

Mkate aliichukua saa akaigeuza geuza. Alikuwa mtu wa kulala. Alikuwa akijisifu kwamba akiweka kichwa juu ya mto hata nyumba ikibebwa na maji ataamkia baharini.

— Sasa nikiivaa mimi, binti atauona usingizi wangu?

— Atauona usingizi wako, akijua ni wangu.

— Na kutembea kwangu?

— Na kutembea kwako. Atasema baba kajirekebisha.

— Basi lete. Nina mazoezi ya kugawa. Nashuka kwenye kila duka, napanda ngazi za zile nyumba za ghorofa, narudi. Mwanao atalala usingizi mnono.

Wenzake walidhani ni uvivu. Walidhani Soli hataki kutembea, anataka sifa za bure, na aliwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa uvivu ni jambo la kuchekwa na lile jingine si la kuchekwa. Mkate akaivaa saa usiku na mchana, akawa anaivua alasiri tu pale benchini, wakati inachajiwa kwenye soketi ya Wembe.

Na kweli binti akatulia. Alipiga simu kwa sauti nyingine kabisa.

— Baba, umekuwa mwanariadha. Nimewaonyesha wenzangu ofisini, hawaamini. Na unalala kama mtoto mchanga.

— Tunamshukuru Mungu, Soli alijibu.

— Nilikuwa naogopa, baba. Sasa siogopi.

Maneno hayo ndiyo Soli aliyoyataka. Lakini alipokata simu alihisi kitu kama wivu, akajishangaa. Mtoto wake anampenda mtu anayelala vizuri, na mtu huyo si yeye. Usiku huo alikaa jikoni kama kawaida yake, bila saa, bila wa kumwona.

Sasa turudi kwenye ile alasiri ya vumbi. Simu iliyowekwa chini ya kitambaa ilianza kuita wakati Shangazi anamimina raundi ya pili. Soli alijifuta mikono, akaipokea.

— Baba, uko wapi?

— Niko kazini, mama. Vipi?

— Kaa chini.

— Nimekaa. Kazi yangu ni ya kukaa.

— Baba, usinifanyie mzaha. Tangu juzi mapigo yako hayaeleweki. Yanakwenda mbio wakati umelala, halafu yanasita, halafu yanakimbia tena. Nilidhani saa imeharibika. Leo vimeingia vipimo vingine, na ni vibaya zaidi. Nimemwonyesha daktari wa kliniki ya kazini kwetu, amesema usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi. Baba? Unanisikia?

Soli alikuwa anasikia, lakini macho yake yalikuwa kwa Mkate. Mkate alikuwa anapuliza kahawa. Alipuliza, akapumzika, akapuliza tena, kama mtu anayepanda mlima. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, ilhali alikuwa kivulini muda mrefu.

— Ngoja kidogo, mama. Usikate.

Akafunika simu kwa kiganja.

— Mkate, unajisikiaje?

— Najisikia kunywa kahawa.

— Binti anasema moyo unakwenda ovyo tangu juzi.

— Moyo wa nani?

— Wako.

Wembe akawa wa kwanza kuona njia.

— Ni mashimo, akasema. Barabara ya tanuri ina mashimo tangu mvua. Baiskeli ikiruka, saa inaruka, na saa ikiruka inasema moyo umeruka. Hesabu rahisi.

— Amesema hata akilala, Soli akamjibu.

— Akilala anaota baiskeli. Mwili haujui tofauti. Kuna mtu aliota anaogelea, akaamka na mafua.

— Wembe, hebu nyamaza, Shangazi akasema. Aliweka birika chini. Mkate, juzi nilikuona umeegemea ukuta pale kwenye ngazi za posta. Nikasema anasubiri mtu. Jana tena. Ulikuwa unamsubiri nani?

Mkate aliangalia kikombe chake.

— Pumzi, akasema.

— Umeanza lini?

— Wiki hii. Inakuja inaondoka. Kama kuku yuko humu ndani anataka kutoka. Lakini nikikaa anatulia.

— Na hukusema?

— Nikisema mtaniambia niende hospitali. Nikienda hospitali wataniambia niache baiskeli. Nikiacha baiskeli mtaniita nani?

Kwenye kiganja cha Soli sauti ndogo ilikuwa inaita, baba, baba. Wembe alimnong'oneza:

— Mwambie unakwenda. Sisi tutampeleka Mkate kimyakimya, na mambo yenu yatabaki yenu.

Soli alifikiria. Ingewezekana. Angesema ndiyo mama, nakwenda, kisha kesho angesema wamenipa dawa. Lakini daktari akiuliza alianza lini, alilalaje, moyo ulikimbia saa ngapi, nani angejibu? Yote hayo alikuwa nayo binti, mbali kule, akiyaangalia, akidhani ni ya baba yake. Na mtoto aliyekwisha kumzika mama alikuwa anamzika na baba kwenye simu, dakika ile ile, bure.

Akaiweka simu sikioni.

— Mwanangu, huyo si mimi.

— Unasemaje?

— Saa haiko kwangu. Nilimpa Mkate. Ameivaa tangu mvua.

Soli alisikia mtu akifungua mlango huko, akifunga, na pumzi ya mwanawe.

— Kwa hiyo wewe ni mzima?

— Mimi ni mzima.

Alimsikia analia, kilio kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Kisha sauti yake ikarudi, kavu.

— Na yeye yuko wapi?

— Yuko hapa, anakunywa kahawa.

— Mnyang'anye hiyo kahawa. Mpeleke sasa hivi, na asiendeshe baiskeli. Nenda na simu, daktari akitaka kuona vipimo vyote vimo humo. Mimi na wewe tutaongea baadaye, baba.

Kumwondoa Mkate kwenye benchi haikuwa kazi ndogo. Alisema kesho. Alisema ana kreti za kurudisha. Alisema hospitali ile ina foleni ya kuzeeka nayo. Shangazi alimpokonya kikombe, akakimimina chini mbele ya macho yake. Wembe alikuwa na mteja kwenye kiti, amenyolewa upande mmoja; alimwendea, akaongea naye, akarudi na funguo za gari, kumbe mteja ana kigari. Mteja mwenyewe ndiye aliyeendesha, nusu kichwa kikiwa na nywele. Soli alikaa nyuma na Mkate, wamebanana, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kujuana alimshika mkono. Aliiona saa pale kwenye kifundo, taa yake ya kijani ikiwaka na kuzimika.

— Unaogopa? akamuuliza.

— Naogopa, Mkate akasema. Usimwambie Wembe.

— Nimesikia, Wembe akasema kutoka kiti cha mbele. Na mimi naogopa.

Hospitalini hawakukaa kwenye foleni. Muuguzi alimshika Mkate mkono kupima mapigo, akamwangalia usoni, akamwita mwenzake. Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa mapumziko. Alisoma karatasi iliyotoka mashineni, kisha akaomba ile simu, akaipitia kwa kidole taratibu, siku hadi siku.

— Nani alikuwa anafuatilia hii?

— Binti yangu, Soli akasema.

— Mgonjwa ni ndugu yako?

— Ndiyo, akasema, na hakuona kwamba amedanganya.

Daktari akawaeleza kwa lugha nyepesi. Moyo wa mzee umepoteza mpangilio wake. Ukiachwa hivyo, damu inatuama humo ndani, inaweza kuganda, na donge likisafiri likafika kichwani mtu anaanguka asinyanyuke. Dawa zipo. Atalazwa siku chache waangalie. Mmefanya vizuri kuja leo.

Mkate alisikiliza yote, kisha akauliza kilichokuwa kikimuuma tangu mwanzo.

— Na baiskeli?

— Kwanza pumzika. Baadaye tutaona. Sijasema hapana.

Basi akarudi kijiweni baada ya wiki ile, kwa miguu, polepole, na mfuko wa dawa. Wenye tanuri walikuwa wamempa kiti dirishani, auze mikate kwa rejareja mpaka apate nguvu. Alisema kazi ya dirishani ni ya kuchosha kuliko ngazi, maana watu wanataka kuongea. Shangazi alimmiminia kahawa nyepesi, karibu ya maji. Mkate aliionja, akamwangalia, akainywa.

— Sasa jambo moja, Wembe akaanza, akivuta kiti chake nje. Mimi nimelifikiria hili. Mnajua kwa nini saa iliona? Kwa sababu ilikuwa imeandikwa jina la Soli, halafu ikavaliwa na Mkate. Saa ikachanganyikiwa. Ikachukua ugonjwa wa jina na mwili wa mtu ikavigonganisha. Kisayansi kabisa, nyinyi wawili sasa mna moyo mmoja, mnapokezana zamu.

— Zamu yangu imekwisha, Mkate akasema. Akaifungua saa mkononi, akamnyooshea Soli. Chukua. Nimelala ndani yake vya kutosha. Daktari kanipa kipimo chake, cha kubandika kifuani.

Soli hakuipokea. Alishika kiatu cha mwanamke kisicho na kisigino, akakigeuza kama hajawahi kuona kiatu.

— Iweke hapo mezani, akasema.

— Ivae, bwana. Mtoto anasubiri.

— Nitaivaa.

— Lini?

Alikuwa bado anatafuta jibu wakati teksi iliposimama upande wa pili wa barabara, akashuka mwanamke mwenye begi la mgongoni na nguo zilizokunjamana kwa safari. Wembe na Shangazi walimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alitembea kama mama yake, bega moja mbele. Soli alisimama, kiatu bado mkononi.

— Shikamooni, binti akasema.

Wakaitikia wote. Hakumkumbatia baba yake kwanza. Alimwendea Mkate, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

— Baba mdogo, unaendeleaje?

— Naendelea, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniona.

— Nilikuwa nakuangalia kila siku kabla ya chai. Ulipokuwa unapanda ngazi nilikuwa nakuhesabia. Akatabasamu. Nilikupenda sana bila kujua ni wewe. Unakunywa dawa?

— Nakunywa.

— Hata ile ya usiku?

— Hata hiyo. Shangazi ananipigia kelele kwa simu.

Binti alicheka kidogo, akainuka. Akaiona saa mezani, katikati ya misumari na gundi. Akaichukua, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira. Hasira kama alikuwa nayo iliishia njiani. Akawageukia wale wengine, wazee watatu waliokaa na baba yake mchana kutwa, mwaka hadi mwaka, ambao kwa hakika wangejua.

— Nataka kuuliza kitu kimoja tu, akasema. Aliyekuwa analala vizuri ni baba mdogo. Je, baba yangu alikuwa analala?

Mkate akamtazama Soli, na ilikuwa wazi usoni mwake kwamba hajawahi kujiuliza. Wembe alipitisha kidole kwenye meno ya kitana, akapitisha tena. Mtu aliyekuwa na maelezo ya joto la damu na ndoto za kuogelea hakuwa na hata neno. Miezi yote hiyo walikuwa wakimcheka Soli kwa uvivu, wamekaa naye bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa amemuuliza usiku wake unakuwaje.

Soli alitaka kusema mbu. Badala yake akakigeuza tena kile kiatu.

Binti akavua begi, akaliweka benchini, akamwendea baba yake akamtoa kile kiatu mkononi taratibu.

— Na mimi silali, baba, akasema. Tangu mama. Nilikuwa nakuangalia wewe asubuhi, nikikuta umelala, najisemea angalau mmoja wetu.

Soli alikaa kwenye kigoda chake kwa uzito, na binti akakaa karibu naye, kwenye sanduku la soli za mpira, akamwegemea.

Shangazi aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyelalamika. Wembe aliingia dukani akazima redio. Mkate akainuka kwa kujishika goti, akaanza kuwakusanyia misumari ndani ya kopo, mmoja mmoja, jua likiwa bado juu na viatu vya watu bado havijaisha kushonwa, ili fundi viatu na bintiye wawahi nyumbani.